Chai ya Majongoo

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka safari zake za biashara akaniletea kopo la chai. Alilitoa kwenye begi kwa mbwembwe, akanionyesha maandishi nisiyoweza kuyasoma. "Bibi, hii inaitwa oolong. Huko China wanakunywa wenye nazo." Bintiye mdogo alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye pazia, kama alivyozoea kusimama tangu nianze kukaa eda. Mzee wangu ametangulia mwaka huu. Aliugua kwa muda mrefu, na sisi wa umri huu tunajua kwamba katika watu wawili lazima mmoja amzike mwenzake, kwa hiyo sina manung'uniko makubwa. Nakaa chumbani, nguo nyeupe mwilini, napokea watu. Kopo nililifungua ili nimfurahishe kijana tu. Harufu ilipotoka nikaomba waniache peke yangu kidogo.

Ilikuwa harufu ya mahindi ya kuchoma yaliyokwisha kupoa, na nyuma yake, kwa mbali, ua la mlangilangi. Wenzangu mliokulia pwani ile mnaikumbuka chai ya utoto wetu: vumbi jeusi linalochemshwa mpaka maji yanageuka rangi ya kutu, sukari ikipatikana, iliki siku ya Idi. Kwetu Dunda, katika nyumba ya babu na bibi walionilea, tulikunywa chai nyingine, ya rangi ya asali, na majani yake yakitulia chini ya buli yalikunjuka yakawa majani kweli, yenye mishipa na kingo. Mimi nikidhani ndivyo ilivyo kwa watu wote.

Babu yangu alikuwa mtu wa majongoo. Nasema majongoo wa bahari, wale wanaolala kwenye nyasi za chini ya maji kama mishumaa iliyosahauliwa. Bamvua likifika na maji yakitoka mbali, akina mama walishuka na vikapu, wakaokota, wakamletea. Yeye ndiye aliyejua kuwatengeneza. Aliwapasua kidogo na kuwatoa matumbo, akawachemsha kwenye pipa lililokatwa, akawafukia kwenye mchanga mbichi wa uani, kesho yake akawafukua na kuwakwangua lile vumbi jeupe la ngozi, akawachemsha tena, akawakausha juu ya moshi wa makumbi ya nazi. Jongoo aliyetoka mzima kwa babu alikuwa mgumu kama kipande cha gogo na hakunuka kitu. Hatukuwala. "Wana wenyewe," alisema babu, na hapo maswali yalikuwa yameisha.

Mwenyewe alikuja kwa lori kutoka Dar es Salaam, Mchina mwembamba mwenye kofia ya majani na Kiswahili cha kuokoteza. Babu alimpangia majongoo juu ya gunia, naye akawabonyeza mmoja mmoja kwa kidole gumba, akalipa. Na kila alipolipa alikata sehemu ya malipo, akaitoa kwa chai: pakiti ya karatasi ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Babu ndiye aliyetaka iwe hivyo, kwa sababu ya bibi.

Bibi alikuwa na tumbo lisilotaka mchezo. Chai kali ya dukani ilimchoma, ya maziwa ilimjaa, na kama hakupata chai hakula, maana kwake chakula kilikuwa kitu cha kusindikizia chai. Ile ya Mchina peke yake ndiyo iliyomkaa. Alikunywa asubuhi na alasiri, bila sukari, pamoja na kipande cha muhogo au mkate wa kumimina. "Tumbo la mke wangu limeolewa na Mchina," babu aliwaambia wageni. "Mimi nimeachiwa mengine yote." Bibi alimrushia chochote kilichokuwa karibu.

Mimi nilikuwa mke mdogo wa babu, kama wajukuu wa kike wote walivyo. Nilimpelekea maji ya kunawa, nikalala miguuni pake mchana, na bibi aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, mwamshe mumeo, jua linamchoma." "Mke mwenzangu, zamu yako leo kufagia." Nililichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko walivyokusudia. Nilijua kwamba nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili, na mmoja wao ni mimi.

Babu alifariki ghafla, asubuhi, akiwa amekaa karibu na pipa lake. Sikulia sana siku ile, nilikuwa natazama. Niliona shuka ikitundikwa uani, ndoo za maji zikipitishwa nyuma ya shuka, moshi wa udi ukitoka chini yake. Niliona jora la bafta nyeupe likikunjuliwa sebuleni na sanda ya babu ikikatwa. Kisha, kwa macho yangu, nikaona kilichobaki kwenye jora kikikatwa pia, kikashonwa kwa haraka, na bibi akavishwa. Hapakuwa na siri yoyote. Bafta ilikuwepo, mjane wa kwetu huvaa nyeupe, na hapakuwa na haja ya kununua nyingine. Lakini hakuna aliyenieleza, na mimi nilikuwa bado sina meno ya mbele. Nilielewa nilichokiona: babu amevikwa nguo ya safari, na bibi amevikwa nguo hiyo hiyo. Ameshaandaliwa, bado kuondoka tu.

Mama mkubwa, binti yao wa kwanza, alihama kwake Zinga akaja kukaa nasi kipindi cha eda. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Bibi aliingia chumbani, pazia likashushwa, wanawake wakawa wanaingia na kutoka wakiulizana zimebaki siku ngapi. Nilidhani wanahesabu siku za bibi kuishi, na nilishangaa wanavyoweza kuzihesabu huku wanatafuna tambuu.

Halafu chai ikaisha.

Mama mkubwa hakuona kuwa ni jambo. Alimpikia bibi chai ya dukani, bibi akashukuru, akakiweka kikombe chini. Akampikia ya maziwa na iliki, akampikia mchaichai, akampikia tangawizi. Vikombe vilirudi jikoni vimejaa, na sahani kando yake haijaguswa.

"Mama, kula japo kidogo."

"Nimeshiba mwanangu. Mungu akubariki."

"Umeshiba nini? Hewa?"

Jikoni aliniambia, au aliliambia sufuria, kwamba mama yake anadeka. Lakini nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kanga. Bibi alikuwa anapungua. Mifupa ya mabega ilionekana chini ya ile bafta, na jioni nilipoingia kumsalimia aliniitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeko chumba kingine. Hakuniita tena mke mwenzangu. Nikaona kwamba safari imeiva, na kwamba kama yupo wa kuizuia ni mimi, kwa kuwa hata mama mkubwa hakuwa mke wa nyumba ile.

Nilichukua majani yaliyobaki chini ya kopo alimowekea bibi chai yake, pamoja na vijiti vyake, nikayafunga kwenye pindo la kanga nikaenda dukani kwa Kasamali. Kasamali, Mhindi wetu wa duka, alizaliwa Bagamoyo na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, ila alikisema polepole, kana kwamba nacho kinapimwa kwenye mizani.

"Shikamoo, Mzee Kasamali."

"Marahaba. Hujambo? Bibi anaendeleaje huko ndani?"

"Hajambo. Nataka chai kama hii."

Akayamimina kiganjani, akanusa, akayasogeza kwenye mwanga wa mlango. Alinishushia makopo yake yote, mtu mwema, akanifungulia moja baada ya jingine: vumbi, vumbi zaidi, na majani meusi membamba ya bei kubwa kidogo. Nilinusa kila moja nikatikisa kichwa. Mwisho alisema chai ya namna ile aliwahi kuletewa kutoka Unguja, kwenye kopo zuri lenye picha, na aliyeinunua alikuwa mzungu mmoja wa serikali. "Hiyo si chai ya kunywa kila siku, binti yangu. Hiyo ni ya kumwekea mgeni mkubwa. Babu yako aliipataje?"

"Kwa majongoo," nikasema.

Nilipojisikia nikisema hivyo nikajua la kufanya.

Bamvua lilipofika nilishuka na akina mama. Wao siku hizo walikuwa wanatafuta chaza na pweza, maana majongoo hawakuwa na wa kumpelekea tena, kwa hiyo niliwapata wengi bila ya kugombana na mtu. Nilirudi na kikapu kikinichuruzikia maji mgongoni. Pipa la babu lilikuwa zito kulinyanyua na lilishaanza kuota kutu. Mama mkubwa alikuwa amekwenda sokoni. Nikateleka sufuria lake la wali.

Mliowahi kunusa majongoo wabichi wanaochemka hamhitaji nieleze. Mama mkubwa aliinusa harufu ile tangu njiani, akaingia uani mbio na samaki wake mkononi.

"Laa ilaha illa llah! We mtoto, umepika nini humu? Sufuria langu! Sufuria nililotoka nalo kwangu!"

Alikwisha kunishika sikio. Sikumjibu, kwa sababu jibu lenyewe nililiona halitamkiki: kumwambia mtu kwamba mama yake anakufa na yeye anauliza sufuria. Ndipo sauti ikatoka chumbani, nyuma ya pazia. Ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa sauti ya bibi, ile ya zamani.

"Punguza moto. Wanapasuka."

Mama mkubwa aliniachia sikio.

"Umewatoa matumbo kwanza?" ikauliza sauti.

"Baadhi," nikasema.

"Haya, watoe wengine. Halafu mchanga uwe mbichi, usiwe wa maji. Pale alipokuwa anawafukia yeye, chini ya msonobari, si hapo jikoni."

Ikawa hivyo. Bibi hakuweza kutoka, wala hakutaka kuvunja mwiko wa eda yake hata kwa hatua moja ya uani, basi alikaa karibu na dirisha na mimi nikawa mikono yake. Kumbe miaka yote ile ya kunywa chai barazani alikuwa anatazama. Alijua wakwanguliwe kwa kitu gani, moshi uwe mzito kiasi gani, nani atupwe. Hakuniuliza kwa nini nafanya kazi ile. Baadaye sana aliniambia alidhani namlilia babu kwa njia hiyo, na hakutaka kunikatiza. Mimi nami sikumwambia, kwa kuwa nilidhani anajua. Tulifanya kazi pamoja siku nyingi, kila mmoja na lake, tukielewana vizuri kabisa kuhusu majongoo. Bado hakula vya kutosha. Mama mkubwa alinunua sufuria jingine na hakulisahau lile la kwanza.

Mchina alikuja asubuhi moja nyumba ikiwa imejaa wanawake. Niliwaona wakifika tangu alfajiri, wamevaa vizuri, wanacheka, wamebeba mchele na viungo. Mimi nilikuwa nangoja lori barabarani na majongoo wangu kwenye kitambaa, kwa hiyo sikumuuliza mtu kuna nini. Lori lilisimama, akashuka, akamtafuta babu kwa macho.

"Mzee wapi?"

"Mzee amefariki."

Akavua kofia. Akaiweka chini kando yake, akachuchumaa akafungua kitambaa changu. Aliwabonyeza kwa kidole gumba kama alivyofanya siku zote, bila kunionea huruma. "Huyu ndiyo. Huyu hapana. Hapana. Huyu nani pika? Hapana." Waliobaki upande wa ndiyo walikuwa wachache na wadogo. Akaingiza mkono mfukoni.

"Sitaki pesa," nikasema. "Nataka chai."

Akacheka, meno yake ya pembeni yakaonekana, akanipeleka nyuma ya lori kwenye sanduku lake. Kulikuwa na makopo mawili. La kwanza lilikuwa na majani mazima yaliyosokotwa kama vidonge, harufu yake ikanijaa mpaka kichwani. "Hii ya wageni. Pesa nyingi." La pili lilikuwa na yale yale, lakini yaliyovunjika, pamoja na vijiti, ya chini ya kasha. "Hii kila siku. Mzee chukua hii. Mimi kunywa hii."

Nilimuuliza ni ipi inayomfaa mtu anayetaka kufa. Sidhani kama alinielewa. Alichota ile ya pili, akajaza karatasi ya kaki kupita thamani ya majongoo wangu, akaifunga kwa uzi. "Kila siku," akasema tena.

Nilikimbia. Nilipofika uani nikaona shuka imetundikwa.

Ilikuwa pale pale ilipotundikwa ya babu. Ndoo za maji zilikuwa zinapitishwa nyuma yake, na moshi wa udi ulikuwa unatoka chini. Wanawake walisimama kuizunguka, na juu ya kamba ya nguo ilikuwa imetupwa ile bafta ya bibi, tupu. Nilikuwa nimechelewa. Nakumbuka vizuri kwamba wazo langu la kwanza halikuwa huzuni, ilikuwa hasira, kwa sababu wanawake walikuwa wanacheka na mmoja alikuwa anapiga kigelegele. Kisha huzuni ikaja na nikapiga kelele ambayo, nilivyoambiwa, ilimfanya Kasamali atoke dukani kwake.

Shuka ikafunguliwa. Bibi akatokeza kichwa, nywele zinachuruzika maji, uso umepakwa liwa.

"Mke mwenzangu, kelele za nini?"

Wanawake wakasogea, mmoja akanishika, nikautupa mkono wake. Bibi akajifunga kanga mpya, nyekundu, bado inanuka duka, akatoka akachuchumaa mbele yangu, miguu mitupu kwenye matope ya maji yake.

"Nani kakupiga?"

"Usiende," nikasema.

"Wapi?"

"Kwa babu. Walikukatia nguo kwenye jora lake. Na sasa wamekuosha kama walivyomuosha yeye. Nimeleta chai. Unywe usiende."

Wanawake wakacheka, kicheko kikubwa cha watu waliotishwa bure. Mama mkubwa hakucheka. Alikaa juu ya kinu akaniangalia, akaiangalia pakiti, na nadhani ndipo alipolielewa sufuria lake. Bibi naye hakucheka. Alinifuta uso kwa kiganja chenye liwa, akanipaka wote, akanisogelea sikioni ili yeye na mimi tu tusikie.

"Niende, nikuachie nyumba peke yako, mke mwenzangu?"

Ndiyo ilikuwa siku ya kutoka eda, na hiyo ndiyo desturi: mjane huogeshwa, hufukizwa, huvishwa, watu wakala pilau. Kila mtu uani pale alilijua hilo. Chai niliipika mimi mwenyewe, sikumruhusu mtu kugusa buli. Bibi alikaa barazani katikati ya wageni wake, akanywa funda la kwanza, akafumba macho.

"Umeijaza majani kama unapika mchicha," akasema.

Lakini alikunywa yote, akaomba nyingine, akaomba na mkate.

Bamvua lililofuata bibi alivua kanga zake nzuri, akajifunga kaniki, akaliviringisha pipa la babu mpaka chini ya msonobari na kulisugua kutu kwa mchanga. Akina mama wakaanza tena kumletea. Mchina alipokuja aliwabonyeza majongoo wa bibi kimya, akasema ndiyo kwa karibu wote, na bibi akamwambia akate sehemu ya malipo kwa chai, ile ya vijiti. Tuliinywa kila siku, miaka mingi, na nikaolewa kutoka katika nyumba ile ile.

Hayo yote yalinirudia juzi kwa sababu ya kopo. Nilipomaliza kukumbuka nikatazama mlangoni. Yule mtoto alikuwa bado yuko pale, nusu ya uso nyuma ya pazia. Kwa wiki nyingi amekuwa akinipa shikamoo kutoka kizingitini na kukimbia, na mimi nilisema ni haya za watoto wa siku hizi. Sikuwa nimemtazama vizuri anatazama nini. Alikuwa anatazama nguo zangu.

"Njoo, mke mwenzangu," nikamwambia. "Njoo unionjee chai aliyoleta baba yako."

Hakusogea. "Bibi, hizo nguo utazivua?"

"Nitazivua."

"Uvae zipi?"

"Nyekundu. Utanichagulia wewe dukani."

Akaachia pazia, akavuka kizingiti, akapanda kitandani kwangu na viatu vyake.